Kwa vijana wapya wa kambi za watalii: hilo godoro umeshalilalia?

Juzi nimeingia stoo kufuata mitungi ya gesi, nikamkuta dogo mmoja amekaa juu ya ndoo, ulimi nje, anabandika kiraka cha tyubu ya baiskeli kwenye godoro la upepo. Nikamuuliza kama ameshalilalia. "Bado kaka, ila limeshika."

Limeshika! Nilitaka kucheka, nilitaka pia kumzaba kibao, kwa sababu neno hilohilo nililitamka mimi kwenye stoo hiyohiyo, na sishangai kama ndoo ni ileile. Basi ngoja niandike. Mkipuuza shauri yenu.

1. Kwanza hakikisheni pancha ipo. Mnajaza godoro saa kumi jua likiwaka, usiku joto la uwanda wa Kitulo linakaribia sifuri, mgeni analalamika, mnakimbilia gundi. Hewa ikipoa inasinyaa: joto likishuka nyuzi 20, ujazo unapungua kama asilimia 7. Ongezeni upepo baada ya chakula cha usiku, mambo yameisha. Na valvu je? Magodoro yakitoka Matema yanarudi na nusu ya ufukwe wa Ziwa Nyasa kwenye ule mpira wa valvu. Suuzeni. Kuna mmoja wenu, simtaji, yule wa kofia, aliwahi kubandika viraka vitatu kwenye godoro ambalo kifuniko chake hakikufungwa.

2. Tundu linatafutwa kwa povu la sabuni, taratibu, mshono kwa mshono, na ukiliona lizungushie kalamu maana likikauka hulioni tena. Ukipata moja usisimame. Mgunga wa Ruaha hauna mwiba mmoja.

3. Jueni mnaziba kitu gani. Hapa nina kesi yangu.

Mwaka wangu wa pili kazini tulipata safari ya Kitulo, mwezi wa saba. Anayeijua Kitulo anaujua mwezi wa saba: maua yamekwisha, uko juu mita 2,600 na ushee, asubuhi nyasi zote nyeupe kwa sakitu. Wageni walikuwa wawili, mume na mke, wastaafu kutoka Uholanzi. Godoro lao lilikuwa na tundu la kama ncha ya sindano. Nikasugua kwa msasa, nikapaka solusheni, nikapuliza kidogo kama mafundi baiskeli wa Mwanjelwa, nikabandika, nikagonga kwa kisigino cha kiatu. Nikalijaza robo saa. Mama wa stoo akauliza, "Hilo zima?" Nikamjibu, "Zima mama, limeshika." Akaweka tiki kwenye daftari.

Sasa, solusheni ni gundi ya mpira. Godoro lile lilikuwa la PVC, plastiki laini. Vile vitu viwili havijuani.

Saa tano usiku nimejikunja hemani, nasikia: fyuu-paa, fyuu-paa. Pampu ya mguu. Mzee anajaza mwenyewe. Nikajiambia ni baridi tu hiyo. Saa saba, tena. Saa nane na nusu, tena, na safari hii nasikia na bibi anakohoa. Wadogo zangu, mara zote tatu nilikuwa macho, na mara zote tatu nilijua ni kiraka changu. Nilichofanya ni kuvuta blanketi hadi puani na kuomba kukuche. Chini yangu nilikuwa na godoro la sponji la inchi nne, hatua ishirini kutoka kwao.

Saa kumi pampu haikulia. Ukimya ule ndio ulionitoa nje. Nikawakuta kwenye viti vya kukunja, wamejizungushia mifuko ya kulalia mabegani, wanangoja tu. Mzee hakugomba. Alinyoosha kiganja chenye glavu, katikati kiraka changu, duara jeusi. "Yako?" akauliza, kwa Kiswahili alichookota siku nne. Nikakigeuza kwa mwanga wa tochi: upande wa gundi ulikuwa safi kabisa, kimebanduka kama ganda la yai la kuchemsha. Nikawapa sponji langu, nikawasha jiko la chai ili nipate pa kuangalia. Tuliporudi Mbeya mama wa stoo alininunia wiki mbili. Ile tiki ilikuwa ya mkono wake.

Kwa hiyo: la PVC linataka gundi ya vinili na kipande cha PVC, lile la kitambaa linataka gundi ya poliyurethani, yote yanafutwa kwanza kwa spiriti, yanawekewa uzito na kuachwa siku nzima. Supaglu inakauka kama kioo, ukikunja inapasuka. Gundi ya mabomba hali kadhalika.

4. Likiota nundu katikati kama limebeba mimba, kuta za ndani zimeachana. Halitibiki. Semeni, linunuliwe jingine, na lile la PVC likikatwa ndilo duka lenu la viraka. Najua mnaogopa kukatwa mshahara. Kufa kwa godoro hakuna aliyewahi kukatwa. Kuficha, yupo, na anaandika hapa.

5. Yale yanayojijaza yenyewe msiyapulize kwa mdomo, unyevu unaotesha ukungu ndani ya sponji.

Dogo wa ndoo: kiraka chako nimekibandua kwa kucha moja. Vinili ipo rafu ya juu, spiriti iko kwenye sanduku jekundu, na kiwango chake nimekiwekea alama. Ziba upya leo. Kesho usiku unalilalia wewe, hapo uani. Blanketi ulete la kwenu.