Mama yuko kwenye kemo: je, tumnyime nyama, maziwa na sukari?

SWALI: Mama yangu ana miaka 52 na amekwisha kupata mizunguko miwili ya tibakemikali (kemo) ya saratani ya titi. Shangazi, ambaye ndiye anayemuuguza, amemkataza nyama, maziwa na sukari akisema vinailisha saratani, na kila asubuhi humpa kikombe cha maji ya majani ya mstafeli. Mama alikuwa na kilo 60, sasa ana 55, na analalamika kwamba chakula kina ladha ya chuma. Tumlishe nini? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Pole sana, mwanangu, nasi tunamwombea mama nafuu. Kilo 5 kwa muda mfupi hivyo ni nyingi, na mweleze daktari kabla ya dripu ya kemo inayofuata, kwa sababu dozi hukokotolewa kwa uzito na urefu wa mgonjwa, na mwili uliodhoofika huenda ukalazimisha matibabu kuahirishwa.

Ni kweli kwamba seli za saratani hutumia sukari, lakini ndivyo zifanyavyo seli zote za mwili, na usipoila ini huitengeneza lenyewe. Kama mama hana kisukari, kijiko kimoja kwenye uji hakimdhuru. Kinachomdhuru sasa ni kukosa protini, ambayo anaihitaji gramu 1 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito, yaani si chini ya gramu 55 kwa siku. Yai moja lina gramu 6 hivi, glasi ya maziwa 8, kikombe cha maharage yaliyoiva 15, na kipande cha samaki kinachojaa kiganja kama 20.

Ladha ya chuma huletwa na dawa zenyewe, na nyama nyekundu ndiyo huwachukiza wengi, kwa hiyo msimlazimishe. Mpeni samaki, kuku, mayai au maharage. Pikeni mbali na alipolala, mpakulie chakula kikiwa kimepoa, kwani mvuke ndio unaobeba harufu inayomtia kichefuchefu, na atumie kijiko cha plastiki au cha mti. Sahani iliyojaa humkatisha tamaa mgonjwa kabla hajaonja. Wekeni kwenye chupa ya chai uji mwepesi wenye maziwa na karanga za kusaga, awe anakunywa nusu kikombe kila baada ya saa mbili. Akipata vidonda mdomoni, ndimu na pilipili viondolewe, naye asukutue kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo.

Takriban siku ya 7 hadi ya 14 baada ya dripu, chembe nyeupe za damu, ambazo hupigana na vijidudu, hushuka sana, hivyo maziwa yachemshwe, mayai yaive kabisa na matunda yaoshwe vizuri. Joto la mwili likifika nyuzi 38, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Kuhusu mstafeli, nasema bila kusita: acheni. Majani yake yamejaribiwa kwenye seli za maabara, lakini hayajathibitika kuwatibu wagonjwa, tena yana anonasini, kemikali inayodhuru neva, ilhali baadhi ya dawa za kemo nazo hutia ganzi vidoleni. Shangazi anafanya haya kwa mapenzi, basi msimgombeze. Mwombeni amsindikize mama kliniki siku ya dripu, abebe na majani yake, amuulize daktari yeye mwenyewe.