Nywele za penseli kung'aa badala ya kuwa nyeusi

Umeuliza kama ununue 8B, penseli laini na nyeusi zaidi, kwa sababu nywele ulizochora kwenye karatasi ya fotokopi zinang'aa badala ya kuwa nyeusi. Hapana, haitasaidia hapo. Kinachong'aa ni grafiti yenyewe, kile kiini cheusi cha penseli: ukikandamiza HB (penseli ya ugumu wa kati) mapema, karatasi inapoteza mkwaruzo wake, na penseli laini ikija juu haipati pa kushika, inateleza tu. Punguza kwanza grafiti hiyo kwa ufutio laini, ule unaokandwa kama unga. Gusa na kunyanyua, usisugue. Kisha rudi na 4B, laini kuliko HB, kwa mkono mwepesi, tabaka tatu au nne, ukibadili mwelekeo wa mistari. Ukitaka weusi wa kweli, tumia mkaa wa kuchorea, lakini utangulie kabla ya penseli. Juu ya grafiti iliyokandamizwa haushiki vizuri. Na hiyo karatasi ya fotokopi ya gramu 80 haibebi tabaka nyingi, tafuta ya kuchorea, gramu 150 hivi.