Maswali ya Wasomaji: Majivu ya Volkeno na Matofali ya Kushindiliwa

SWALI: Fundi wangu anataka kuchanganya saruji na majivu ya volkeno kutoka timboni ili gharama ishuke. Anasema Warumi walijenga hivyo na majengo yao yangali yamesimama. Nikubali?
Msomaji, Bahati, Nakuru

JIBU: Kuhusu Warumi amesema kweli. Chokaa peke yake huwa ngumu kwa kuvuta hewa ukaa, hivyo haishiki ndani ya maji. Walipoitia majivu ya Pozzuoli, karibu na Napoli, ikashika hata baharini, kwa kuwa silika (madini kama ya mchanga) iliyomo katika majivu huungana na chokaa na maji. Kuba la Pantheon mjini Roma, lenye upana wa mita 43 hivi, ni zege la aina hiyo lisilosukwa vyuma, na sehemu ya juu wakatia mawe mepesi ya volkeno yenye vitundu.

Hata hivyo, usikubali. Soma mfuko wa saruji: ukiona CEM IV 32.5 (CEM IV ni aina ya saruji, 32.5 ni daraja la nguvu yake), majivu yameshatiwa kiwandani, tena yamesagwa laini kama unga. Yale ya timboni yana chembe kubwa. Mengi yatakaa humo kama mchanga tu, nawe utakuwa umepunguza saruji bure.

Akiba ya kweli imo katika vipimo. Karai moja hujazwa pomoni, la pili nusu, na hakuna anayejua ametia nini. Undeni sanduku la mbao la sentimita 35 kwa 35, kimo 28.5 kwa ndani. Ujazo wake ni sawa na mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50. Saruji ya 32.5 yatosha kwa ukuta na plasta. Kwa slabu na nguzo nunua 42.5: mfuko 1, masanduku 2 ya mchanga, 4 ya kokoto, na maji lita 25 hivi, pungufu ya hapo mchanga ukiwa umenyeshewa. Vibarua huongeza maji ili zege liteleze. Maji hayo ya ziada yakishakauka huacha vitundu, na slabu huvuja.

SWALI: Je, udongo wa shambani kwangu unafaa kwa mashine ya matofali ya kushindilia?
Msomaji, Ahero, Kisumu

JIBU: Ule mweusi wa uwanda wa Kano, hapana kabisa: hufura kwa mvua na kupasuka kwa jua. Tafuta udongo mwekundu wenye mchanga, chini ya tabaka lenye mizizi.

Mashine za mkono za leo zimetokana na ile ya wenzo aliyoibuni Raúl Ramírez huko Bogotá, Kolombia, miaka ya 1950. Zamani udongo ulitwangwa kwa magogo. Kipimo cha udongo kinachotumiwa na mashine hiyo hakijapitwa. Jaza udongo uliolowa kwenye kisanduku cha sentimita 60 kwa 4 kwa 4 kilichopakwa mafuta ndani, uanike siku 3 juani, kisha pima ulivyonywea. Ukinywea chini ya milimita 12, tia saruji sehemu 1 kwa udongo sehemu 18; hadi 25, 1 kwa 16; hadi 38, 1 kwa 14; hadi 50, 1 kwa 12. Ukizidi hapo, ongeza mchanga upime upya.

Finyanga donge la mchanganyiko huo uliotiwa maji, uliangushe kutoka urefu wa kiuno. Likivunjika vipande vichache, shindilia. Likibaki zima, maji yamezidi. Funika matofali kwa plastiki siku 7 ukiyanyunyizia maji, na usijengee kabla ya siku 28.