Barua za wasomaji: Nimeitwa chuo na nyumbani hakuna kitu

SWALI: Mwalimu habari yako. Mimi ni msichana wa miaka 20, naishi Mukuru kwa Njenga chumba kimoja na mama na wadogo zangu wawili, baba alifariki nikiwa form two. Nilifanya KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari, nikapata B- na KUCCPS, wale wa kugawa nafasi za vyuo, imeniita chuo kikuu nisomee ualimu, nilifurahi mpaka nikalia, alafu barua ya kujiunga ikaja nikaona karo nikanyamaza. Mama alikuwa anafulia watu nguo South B lakini tangu mwaka jana miguu inavimba, wakamwambia ni sukari, hawezi kusimama kwa karai hata nusu saa. Sasa mimi ndio nafua na hiyo ndio tunakula na kulipa nyumba. Mjomba anasema nikubali kazi ya nyumba Kileleshwa nisomeshe huyu mdogo wangu wa form three, chuo nitaenda baadaye, na mama hasemi kitu anaangalia chini tu. Nilianza kujaza ile fomu ya HELB, ya mkopo wa chuo wa serikali, kwa saiba (duka la intaneti) nikafika mahali pa cheti cha kifo cha baba, hatuna, nikafunga nikatoka. Nikienda si nitakuwa nimewaacha na njaa? Na nisipoenda hiyo nafasi si itapotea?
Firstborn, Mukuru

JIBU: Mwanangu, pole kwa ya baba na pole kwa ya mama. Na hongera, B- ya mtu anayesoma chumba kimoja cha watu wanne si kitu kidogo na usikubali yeyote akuambie ni kidogo.

Nianze na hiyo barua ya karo juu hapo ndipo wengi wenu mnakatia tamaa. Pesa yote iliyoandikwa pale si pesa ya kuwa nayo mkononi siku ya kuripoti. Mfumo wa kulipia vyuo ulibadilishwa 2023, na siku hizi wanafunzi wanawekwa bendi tano kulingana na hali ya nyumbani. Bendi ya kwanza, ambayo kwa vile umeeleza naona ndiyo yako, serikali inalipa asilimia 70 na hiyo hairudishwi, HELB inakukopesha asilimia 25, nyumbani kunabaki asilimia 5. Sasa piga hesabu, kozi ikiwa ya 200,000 kwa mwaka, nyinyi mnatafuta 10,000 mwaka mzima, yaani 5,000 kila semista. Na kando ya hiyo kuna mkopo wa matumizi, kwa bendi hiyo ni 60,000 kwa mwaka, unaingia kwako wewe. Enyewe mfumo umekuwa na kelele nyingi, Desemba 2024 Mahakama Kuu ilisema unakiuka katiba na serikali ikakata rufaa, kwa hivyo viwango unaweza kukuta vimeguswa, soma kwa tovuti yenyewe ya HEF, ile ya kuombea ufadhili na mkopo, usisome kwa mafowadi ya WhatsApp. Lakini jambo moja halijabadilika, ambaye hajajaza fomu hapewi kitu, karo yote inabaki yake.

Ndiyo maana hiyo kufunga fomu ukatoka imeniuma kuliko barua yote. Watoto wa maskini hapa Nairobi wengi hawanyimwi chuo na pesa, wananyimwa na karatasi. Cheti cha kifo kinapatikana hata kama miaka imepita, kuna usajili wa kuchelewa. Nenda kwa chifu wa mahali baba alifia, beba kibali cha mazishi kama kiko, kitambulisho chake kama mlikiweka na kitambulisho cha mama, umwambie unataka kuandikisha kifo na pia akuandikie barua ya hali ya nyumbani, ukitoka hapo uulize Huduma Centre ya GPO vile utamalizia. Itachukua wiki kadhaa kwa hivyo anza kesho asubuhi usingoje Jumatatu. Laini ya simu iwe imesajiliwa kwa jina lako, akaunti ya benki yako, na wadhamini wawili na vitambulisho vyao.

Alafu ukijaza, jaza nyumba yenu vile ilivyo. Nimekaa na wasichana na vijana kwa saiba wakifika pale pa kuulizwa mzazi anapata ngapi kwa mwezi, mwenye saiba amesimama nyuma ya bega anasoma, mtoto anaona haya anaandika elfu thelathini na nyumbani elfu kumi haijawahi kufika. Kisha bendi inakuja ya juu wanashangaa. Ile kompyuta haimwoni mama yako amekaa na miguu juu ya ndoo, inasoma tu ulichoandika. Andika ni mjane, andika anaumwa, andika hana kazi, andika wadogo wako shule gani. Na bendi ikija ya uongo, kata rufaa kwa tovuti hiyo hiyo, huwa wanafungua dirisha la rufaa.

Sasa mjomba. Simlaumu, anaona sufuria ya leo na hana ubaya. Lakini hesabu yake haifiki, mshahara wa kazi ya nyumba hauwezi kusomesha mtu form three ukalipa nyumba ukanunua dawa ya sukari, na hiyo "baadaye" hakuna aliyeipatia tarehe. Mwendee kwa heshima, mwambie mjomba umenisaidia kufikiria, sasa nisaidie na kitu kimoja zaidi, uwe mdhamini wangu wa HELB. Mkopo una riba ya asilimia 4 kwa mwaka na unaanza kulipwa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, muonyeshe hayo asidhani kesho watakuja kuchukua sofa yake. Mtu akipewa sehemu katika jambo huacha kulipinga, mimi nimeona hivyo mara nyingi.

Kuhusu nyumbani, hao wateja wako wa South B usiwaache wapotee. Tafuta msichana wa plot unayemwamini, mpeleke mwenyewe kwa kila mteja, mkubaliane sehemu fulani ya kila siku inarudi kwa mama. Likizo ukirudi unafua tena. Huyu kijana wa form three mjazieni fomu ya basari ya NG-CDF, ule mfuko wa eneo bunge, na wewe jaza yako pia, si ya sekondari peke yake. Mama ajisajili SHA, bima ya afya ya serikali, kama bado, dispensari na vituo vya afya vya serikali vya ngazi ya 2 na 3 kumuona daktari ni bure kwa waliosajiliwa, sukari ikipimwa kila mara hiyo miguu inaweza kupata nafuu.

Kitu ambacho watu hawawaambii ni kwamba pesa ya HELB haikungoji getini. Inaweza kuchelewa wiki nyingi, na hizo wiki ndizo zinarudisha watoto nyumbani. Kwa hivyo ukiomba msaada, kanisani, kwa chama cha mama, kwa hao mabosi wa South B wanaojua mikono yako, usiombe wakusomeshe miaka minne maana wataogopa. Omba nauli, godoro, hiyo ya semista ya kwanza, na chakula cha miezi miwili. Ukifika chuo nenda ofisi ya dean, msimamizi wa mambo ya wanafunzi, mapema kabla njaa haijakutafuta, vyuo vingi vina kazi ndogo za wanafunzi, maktaba, kantini, huwa zinaisha haraka.

Na mkopo wa matumizi ukiingia usiutume wote nyumbani. Najua utataka. Tuma kidogo kama kuna kidogo, lakini ule kwanza, ulipe chumba, juu ukifeli kwa sababu ya njaa mtakuwa na deni na hamna cheti. Mama akizidiwa katikati ya mwaka, chuo kina utaratibu wa kuahirisha masomo kwa barua, andika barua kwa msajili, usipotee tu.

Mwisho, kaa na mama mkiwa wawili, wadogo wamelala. Kuangalia chini si kukataa. Mwambie hizo namba zote, ya 5,000 hasa, nadhani anaogopa ile kubwa iliyo kwa barua.

SWALI: Niaje mwalimu, nachomelea mageti Kariobangi Light Industries miaka sita sasa, kazi naijua lakini KCSE nilipata D+. Kila tenda nikienda wanauliza karatasi. Nimechelewa?
Fundi, Kayole

JIBU: Hujachelewa. Kozi za ufundi za cheti zinachukua kuanzia D, kwa hivyo D+ yako inaingia, ukimaliza unapanda diploma bila kurudia KCSE. Omba kupitia KUCCPS hata kama ulifanya mtihani miaka ya nyuma, angalia kama Kabete National Polytechnic, na HELB inakopesha wa vyuo vya ufundi pia. Ila kwa mtu wa miaka sita kwa moto ningeuliza kwanza habari ya kutambuliwa ujuzi, ile wanaita RPL iliyo chini ya KNQA, mamlaka ya viwango vya vyeti, unapimwa kazi unayoijua tayari unapewa cheti cha kiwango chako. Beba picha za mageti uliyotengeneza. Na chuo cha kibinafsi kikikuahidi diploma miezi mitatu, tafuta jina lake kwa orodha ya TVETA, wale wanaosajili vyuo vya ufundi, kabla hujatoa hata mia.

SWALI: Shule yangu imekataa na cheti cha KCSE tangu 2019 juu ya deni la karo. Nifanyeje na nataka kuomba chuo?
Msomaji, Githurai

JIBU: Sheria ya KNEC, baraza la mitihani, ya 2012 inasema cheti hakizuiliwi na mtu wala shule yoyote. Deni ni deni, mtapanga kulilipa, lakini cheti ni chako. Nenda na kitambulisho na risalti slipu, uandike ombi kwa mwalimu mkuu ubaki na nakala iliyogongwa muhuri, akikataa peleka hiyo nakala ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Na usingoje cheti ndio uombe nafasi, KUCCPS unaingia na namba ya mtihani na mwaka uliofanya.