Maswali ya Wasomaji: Samaki Wanakufa, Kiwanda Hakuna

Swali: Mhariri, mto wetu umegeuka kijani na samaki wanaelea wamekufa, ingawa hakuna kiwanda karibu. Sababu ni nini?

Jibu: Kiwanda hushukiwa kwanza, lakini mara nyingi chanzo ni mashamba na vyoo. Mvua inaposomba mbolea yenye naitrojeni na fosforasi, pamoja na maji taka, hadi mtoni, mwani, yaani viumbe wadogo wa kijani wanaoota majini, hustawi kupita kiasi. Unapokufa, bakteria wanaouozesha humaliza oksijeni iliyoyeyuka majini, na samaki hukosa hewa, hasa alfajiri, kwa kuwa usiku mwani hautengenezi oksijeni ilhali unaendelea kuitumia. Msiyanywe maji hayo hata yakichemshwa, kwani baadhi ya viumbe hao wa kijani hutoa sumu isiyoharibiwa kwa kuchemsha. Nyasi na miti ya ukingoni, isipofyekwa, huzuia sehemu ya mbolea hiyo.