Figo zimeshindwa, na nguvu za kiume zimepungua

SWALI: Daktari, nina umri wa miaka 46 na husafishwa damu mara tatu kwa wiki. Tangu figo zishindwe, nguvu za kiume zimenipungua, na naona haya kuwaambia wauguzi. Je, ninunue sildenafili, ile dawa ya kuongeza nguvu za kiume, dukani?

JIBU: Ndugu msomaji, usione haya, kwani tatizo hili huwapata wanaume wengi wanaosafishwa damu, na lina tiba. Figo zinaposhindwa, homoni ya kiume, testosteroni, hushuka na homoni nyingine, prolaktini, hupanda, damu hupungua, na mishipa ya damu na ya fahamu hudhurika. Aidha baadhi ya dawa za shinikizo la damu, kama atenololi na spironolaktoni, zaweza kuchangia. Mpelekee daktari wako dawa zote unazotumia, akupime damu na homoni, lakini usiache dawa yoyote kwa uamuzi wako mwenyewe.

Sildenafili huwasaidia wengi, ila kwa mgonjwa wa figo huanzwa kwa kawaida na miligramu 25, wala haimfai kamwe anayetumia dawa za moyo za nitrati, kama kile kidonge cha kuweka chini ya ulimi, kwa sababu shinikizo laweza kushuka hadi kuhatarisha maisha. Kwa kuwa kusafishwa damu nako hushusha shinikizo, mwulize daktari uimeze siku gani. Unga wa miti shamba na mizizi ya mtaani inayouzwa kwa ajili ya nguvu za kiume, nakusihi, uiepuke kabisa, maana mingine huchanganywa dawa hiyohiyo kwa siri.

Ukiweza, nenda kliniki pamoja na mkeo, kwani huzuni na hofu nazo hutibiwa.