Hiyo si Antoninus Pius, mkuu

Umesema sarafu yako ina milimita 18, gramu 3.1, na upande wa kichwa inasomeka ANTONINVS PIVS AVG, kwa hiyo ni ya Antoninus Pius, Kaisari wa Roma. Hapana mkuu, hiyo ni denari (sarafu ya fedha ya Kirumi) ya Caracalla, Kaisari mwingine aliyekuja baadaye. Usijilaumu, kosa hilohilo mimi nililinunua kwa hela yangu.

Yangu niliipata gulioni London, muuzaji kaiandikia "Pius" kwenye kikaratasi, nami nikalipa bila kubisha. Baadaye, kwenye maonyesho ya sarafu, mzee mmoja akaitupia jicho tu akauliza, "Pius gani huyu hana ndevu?" Niliona aibu!

Tatizo ni majina. Caracalla alizaliwa mwaka 188, na baba yake, Septimius Severus, akampa jina la Antoninus ili ukoo wao uonekane umetoka kwa Kaisari Marcus Aurelius. Sasa tazama mpangilio wa maneno. Pius mwenyewe, aliyetawala 138 hadi 161, kwa kawaida huandikwa ANTONINVS AVG PIVS. Kwa Caracalla ni PIVS kwanza, AVG baadaye. (Hiyo V ni U yetu, na AVG ni Augustus, cheo cha Kaisari.) Elagabalus, Kaisari mwingine, naye alijiita hivyohivyo, ila yeye mara nyingi huanza na IMP (imperator, cheo kingine), na mgongoni huwa na kinyota pembeni.

Mgongoni kwako umesoma PONTIF TR P VIII COS II. Hapo ndipo penye utamu. PONTIF ni kuhani, COS II ni konsuli mara ya pili, na TR P ni mamlaka ya utribuni (cheo cha kisiasa cha Roma), yaliyoongezewa namba kila mwaka, na Caracalla aliyapata 198. Hesabu mpaka ya nane: 205. Kijana alikuwa na miaka 16 au 17, ndiyo maana uso ni laini. Huyo aliyesimama na mkuki na tawi ni Mars, mungu wa vita.

Rangi ya kijivu isikutishe wala usiisugue kwa majivu. Severus alishapunguza fedha kwenye denari hadi karibu nusu.

Kuhusu kama ni feki, uzito peke yake hautoshi. Denari halisi ziligongwa kwa nyundo. Ukiona ukingoni mstari wa maungio kuzunguka, imemiminwa kwenye kalibu. Ukiona wekundu wa shaba ukichungulia, ni shaba iliyovikwa fedha, ingawa hata hizo nyingine zilighushiwa na Warumi wenyewe, na wapo wanaozikusanya.

Umeweka picha za pande mbili tu. Tupia ya ukingo.